Gustaf Dalén: Mvumbuzi asiyeona aliyebuni jiko lisilozimwa

Katika nyumba nyingi za vijijini, moto wa jikoni hauzimwi kabisa. Usiku, baada ya chakula, kinga cha moto hufukiwa kwenye majivu. Alfajiri majivu hufukuliwa, kaa hupulizwa, na siku inaanza bila kutafuta kiberiti. Wengi wetu tumelelewa hivyo, na tunajua pia upande wa pili wa jambo hilo: lazima awepo mtu wa kuutunza moto huo. Mara nyingi mtu huyo ni mama, bibi au binti wa nyumba.

Miaka 100 hivi iliyopita, katika nchi ya Uswidi, kaskazini mwa Ulaya, mhandisi mmoja alibuni jiko linalowaka usiku na mchana bila kuhitaji mtu wa kulichungulia kila saa. Jina lake ni Gustaf Dalén. Wakati huo alikuwa tayari mshindi wa Tuzo ya Nobel, na alikuwa haoni.

Katika makala hii tunasimulia maisha yake. Tunaeleza pia jiko lake linavyofanya kazi, raha ya kuishi nalo, na gharama yake, ambayo si ndogo.

Kijana wa shambani

Gustaf Dalén alizaliwa tarehe 30 Novemba 1869 katika kijiji cha Stenstorp, kusini mwa Uswidi. Wazazi wake walikuwa wakulima. Ilitarajiwa kwamba yeye ndiye angebaki nyumbani na kulishika shamba la baba yake.

Inasimuliwa kwamba kijana huyo alipenda sana usingizi. Basi alichukua saa kuukuu ya ukutani, akaiunganisha na vifaa vingine, ili saa ya kuamka ikifika iwashe taa na kupasha kahawa yake. Hata kabla ya kusomea uhandisi, alikuwa akitafuta jinsi moto unavyoweza kufanya kazi bila mtu kusimama kando yake.

Shamba lao lilikuwa na ng'ombe wa maziwa. Wafugaji wanaopeleka maziwa kwenye vituo vya kukusanyia wanajua kwamba maziwa hayafanani. Yapo mazito yenye mafuta mengi, na yapo mepesi. Dalén alitengeneza kifaa cha kupima mafuta yaliyomo kwenye maziwa. Mwaka 1892 alikipeleka mji mkuu, Stockholm, akamwonyesha Gustaf de Laval, mvumbuzi maarufu wa mashine ya kutenganisha krimu na maziwa. De Laval aliona kipaji chake, akamshauri aende shule kwanza.

Dalén alikuwa ameshapita miaka 20, umri ambao wengi huona wamechelewa kurudi darasani. Hata hivyo aliacha shamba. Alisoma uhandisi katika chuo cha Chalmers mjini Gothenburg, akahitimu mwaka 1896, kisha akaongeza mwaka mmoja wa masomo mjini Zurich, Uswisi. Mwaka 1901 alimwoa Elma Persson. Walijaliwa watoto 4, wa kiume 2 na wa kike 2.

Gesi yenye mwanga na hatari

Ukienda kwenye gereji yenye fundi wa kulehemu, huenda ukayaona mawe ya kijivu yanayoitwa kabaidi. Yakitiwa maji hutoa gesi yenye harufu kali. Gesi hiyo ni asetilini. Inawaka kwa mwanga mweupe na mkali sana, na mwanzoni mwa karne ya 20 watu wengi walitaka kuitumia kwa taa.

Tatizo lilikuwa usalama. Asetilini ikishindiliwa kwenye mtungi mtupu, inaweza kulipuka kwa mtikisiko tu. Wataalamu wa Ufaransa waligundua kwamba gesi hiyo hutulia ikiyeyushwa ndani ya asetoni, kimiminika kinachotumika pia kufutia rangi ya kucha. Asetoni yenyewe ilinyonywa na kitu chenye vitundu vingi kilichojazwa ndani ya mtungi, kama maji yanavyonywewa na sifongo. Lakini kitu hicho kilivunjikavunjika mtungi uliposafirishwa, nafasi tupu zikabaki ndani, na hatari ikarudi.

Dalén alifanya kazi katika kampuni iliyojulikana kwa kifupi kama AGA. Mwaka 1906 akawa mhandisi wake mkuu, na mwaka 1909 akawa mkurugenzi. Hapo alipata mchanganyiko wa kujaza mtungi ambao haukuvunjika kwa kutikiswa. Sasa gesi iliweza kusafirishwa kwa meli, kwa treni na kwa mkokoteni.

Taa inayojiwasha yenyewe

Uswidi ina pwani ndefu yenye visiwa vidogo na miamba isiyohesabika. Wavuvi wetu wa pwani na wa maziwa makuu wanajua maana ya kurudi usiku bila kuona mwamba ulipo. Minara ya taa ilihitajika kila mahali, lakini nani angekubali kukaa peke yake mwaka mzima juu ya jabali katikati ya bahari, ili tu awashe taa jioni na kuizima asubuhi?

Dalén alijibu swali hilo kwa njia mbili. Kwanza, alibuni kifaa cha kufanya taa imwekemweke badala ya kuwaka mfululizo. Gesi ilitoka kidogo kidogo, ikawaka kwa muda mfupi, ikakatika, ikatoka tena. Baharia aliiona vizuri zaidi, na gesi iliyotumika ilipungua kwa takriban asilimia 90.

Pili, mwaka 1907 alibuni valvu inayoongozwa na jua. Wazo lake ni jepesi kulielewa. Ukivaa shati jeusi juani unaungua kuliko aliyevaa jeupe, kwa sababu cheusi hunyonya joto. Tena, chuma kikipata joto hurefuka kidogo. Dalén aliweka fimbo moja nyeusi ya chuma katikati ya fimbo tatu zilizong'arishwa. Mchana fimbo nyeusi ilipata joto kuliko wenzake, ikarefuka, ikabana njia ya gesi. Giza likiingia fimbo zote zililingana, njia ikafunguka, na taa ikawaka kutoka kwenye mwali mdogo uliobaki ndani. Hata mawingu mazito ya mchana yaliweza kuiwasha.

Kwa vifaa hivyo, mnara ungeweza kuachwa peke yake hadi mwaka mzima. Taa hizo zilienea nchi nyingi, na zilitumika pia kwenye Mfereji wa Panama. Walinzi wa minara walipungua, lakini minara yenyewe iliongezeka, nayo iliwekwa mahali ambapo awali hapakuwa na mwanga wowote.

Mwaka 1912

Mwaka huo ndio uliomletea Dalén msiba mkubwa na heshima kubwa kwa pamoja.

Mwezi Septemba 1912 alikuwa akijaribu usalama wa mitungi ya asetilini. Alitaka kujua mtungi ungefanya nini ukipatwa na moto. Mmoja ukalipuka. Aliungua vibaya, na kwa muda haikujulikana kama angepona. Alipona, lakini macho yote mawili yalikuwa yamepotea. Kaka yake, Albin, alikuwa daktari wa macho. Hata yeye hakuweza kuyaokoa.

Wiki chache baadaye ilitangazwa kwamba Gustaf Dalén ndiye mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka huo, kwa ajili ya vifaa vyake vya kuendesha taa za minara na maboya. Sherehe ilifanyika mwezi Desemba. Mshindi hakuweza kwenda. Albin ndiye aliyesimama kuipokea tuzo kwa niaba yake.

Dalén alikuwa na miaka 42 ajali ilipotokea. Wengi wangedhani mtu wa namna hiyo amemaliza kazi. Yeye alirudi ofisini na kuendelea kuiongoza kampuni kwa miaka mingine 25, hadi mwisho wa maisha yake. Michoro asiyoweza kuiona alielezwa na wengine, na vifaa alivipapasa kwa mikono.

Alichokigundua nyumbani

Familia iliishi Lidingö, kisiwa kilicho kando ya Stockholm. Habari ya jiko husimuliwa mara nyingi kana kwamba Dalén alilibuni kitandani, mara tu baada ya ajali. Miaka haikubali hivyo. Ajali ilikuwa 1912, na jiko lilipata haki ya kisheria ya uvumbuzi mwaka 1922. Katikati yake kuna miaka 10 ya kuishi bila kuona.

Inavyosimuliwa, mtu huyo ambaye sasa alikuwa nyumbani zaidi kuliko zamani alianza kutambua jambo ambalo wanaume wengi wa wakati wake hawakulijali. Jiko la mkaa wa mawe la siku zile lilimchosha mke wake. Lilitaka kuchochewa, kuongezwa mkaa, kuzolewa majivu na kuangaliwa tena. Likiachwa kidogo linapoa, likisahauliwa linaunguza. Elma hakuweza kuondoka jikoni kwa utulivu.

Haihitaji macho kulijua hilo. Mlango wa jiko husikika ukifunguliwa na kufungwa mara nyingi, koleo hukwaruza, moshi hunusika, na mtu unayeishi naye husikika akichoka. Yule aliyekuwa amewaondolea walinzi wa minara kazi ya kukesha na taa sasa alilielekeza wazo lilelile kwenye jiko la nyumbani.

Jiko linavyofanya kazi

Jiko la AGA, lililopewa jina la kampuni, ni kubwa na zito, lenye uzito wa mamia ya kilo. Limetengenezwa kwa chuma kizito cha kusubu. Ndani yake kuna moto mmoja tu, tena mdogo, lakini hauzimwi. Chuma hunyonya joto la moto huo saa zote, hata wakati hakuna anayepika, na kulihifadhi. Saa ya kupika ikifika, joto lipo tayari.

Ili joto lisitoroke, moyo wa jiko ulizungushiwa unga mwepesi mweupe unaochimbwa ardhini, uliotokana na mabaki ya viumbe vidogo sana vya majini. Wasikilizaji wetu wa Kenya wanaweza kuuona unga wa aina hiyo ukichimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil. Una hewa nyingi ndani yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Ndiyo maana blanketi hutupa joto.

Juu ya jiko kuna sahani mbili za chuma, moja ya moto mkali na nyingine ya moto wa taratibu. Kila moja ina mfuniko mnene. Mfuniko ukifungwa joto linabaki ndani, ukifunguliwa sufuria inachemka mara moja. Mbele kuna matanuri, moja la kuoka na moja la kupikia polepole. Kifaa kidogo kinachohisi joto hufungua au kubana hewa inayoingia kwenye moto, kwa hiyo moto unajiongoza wenyewe. Moshi hutoka nje kwa bomba.

Katika majiko ya mwanzo, mwenye nyumba alitia mkaa wa mawe asubuhi na jioni na kuondoa majivu, basi. Baadaye yalikuja ya mafuta, ya gesi na ya umeme.

Kuishi na jiko hilo

Anayezoea jiko hili hubadilisha namna ya kupika. Huwezi kuongeza moto wala kuupunguza. Unachohamisha ni sufuria. Unachemsha kwenye sahani kali, halafu unahamishia kwenye sahani ya taratibu au unaingiza kwenye tanuri la polepole, kisha unakwenda shambani. Ukirudi jioni nyama imelainika.

Jiko hilo lilipendwa zaidi Uingereza, ambako liliingizwa mwaka 1929 na kisha kutengenezwa hukohuko. Katika nyumba za mashambani za nchi hiyo likawa kitovu cha nyumba. Nguo zilizonyeshewa huanikwa kwenye fimbo iliyo mbele yake. Unga wa mkate huumuka kando yake. Mbwa hulala miguuni pake. Kondoo wakizaa wakati wa baridi kali na kitoto kikakutwa kimezizima malishoni, wafugaji wa huko huleta kitoto hicho jikoni na kukiweka ndani ya tanuri la chini lenye uvuguvugu, mlango ukiwa wazi, hadi kipate nguvu ya kusimama. Anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba mwanakondoo yumo kwenye tanuri hushtuka, lakini kumbe anaokolewa.

Gharama yake

Sasa tuseme na upande mwingine. Jiko lisilozimwa linakula nishati hata wakati hakuna anayepika. Katika nchi ya baridi, joto hilo halipotei bure, kwa sababu linapasha nyumba. Kipindi cha joto, jiko lilelile linageuza jikoni kuwa mahali pa kukimbiwa, na wengi hulizima kwa miezi hiyo.

Mfano mmoja unatosha. Jiko la kawaida la gesi nchini Uingereza limekadiriwa kutumia takriban yuniti 580 za nishati kwa mwaka. AGA ndogo ya gesi ya mtindo wa zamani hutumia takriban yuniti 425 kwa wiki moja. Bei za nishati zilipopanda Ulaya mwaka 2022, familia zilizokuwa hazijazima majiko yao kwa miaka mingi ziliyazima. Siku hizi yanatengenezwa pia yanayoweza kuzimwa na kuwashwa kwa sehemu.

Mambo haya yanatatanisha, kwa sababu Dalén alikuwa bingwa wa kubana matumizi ya gesi kwenye taa zake. Hata jiko lake, lilipotokea, lilibana mkaa likilinganishwa na mengi ya wakati ule. Lakini alichokiokoa zaidi jikoni kilikuwa muda na nguvu za mpishi. Akiba hiyo ina thamani kubwa, ingawa mafuta yaliyochomwa ili kuipata nayo yana bei yake.

Tunachoweza kuchukua

Hatudhani msikilizaji wetu atanunua jiko la AGA. Ni ghali, ni zito, na joto lake halifai kwa nyumba nyingi za kwetu. Lakini wazo lililo ndani yake halina bei: joto ukishalipata, lizuie lisitoroke.

Sufuria yenye mfuniko huchemka kwa kuni chache kuliko iliyo wazi. Kapu lililojazwa nguo kuukuu au majani makavu linafanya kazi ileile ya unga mweupe wa Dalén. Wali uliokwisha kuchemka ukiwekwa humo na kufunikwa vizuri unaiva bila moto. Maharage pia yanawezekana, ila yalowekwe usiku, yachemke sawasawa kwanza kwa dakika zisizopungua 10, na yachemshwe tena kabla ya kuliwa. Maharage yasiyochemka vizuri yanaweza kudhuru tumbo.

Na jambo moja tunalisisitiza. Moto wa Dalén uliwaka usiku kucha kwa usalama kwa sababu ulikuwa na bomba la kutoa moshi nje. Jiko la mkaa halina bomba. Usilale nalo chumbani, hata kama baridi ni kali na hata kama huoni moshi. Hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Mwisho wa safari

Gustaf Dalén alifariki kwa saratani tarehe 9 Desemba 1937, nyumbani kwake Lidingö, akiwa na miaka 68. Hakuwahi kuliona jiko lake kwa macho. Alilijua kwa mikono, kwa joto lake na kwa harufu ya chakula.

Teknolojia mpya imechukua nafasi ya taa zake katika sehemu nyingi, na mwanafizikia wa leo huenda asilikumbuke jina lake. Wanaolitaja hadi leo ni wale wanaoamka asubuhi ya baridi na kukuta jikoni kuna joto, birika likiwa tayari kutengwa, na hakuna mtu aliyelazimika kuamka kabla yao kupuliza moto.

Kwa wengi wetu, mtu huyo wa kuamka kabla ya wengine bado yupo. Kwa hiyo swali alilojiuliza Dalén bado ni letu pia: katika nyumba yako, nani anautunza moto, na ni kitu gani kidogo kinachoweza kufanyika leo ili apate kupumzika?